Bili ya Umeme Imepanda: Anza na Mita

Maneno ya mazungumzo na familia zilizofika karibuni, Stratford, London

Chai iko pale nyuma, jimiminieni. Na msilionee huruma birika lile la umeme. Baadaye nitawaonyesha kwamba halina makosa makubwa.

Nimeombwa niseme juu ya bili ya umeme. Pale mlangoni wengi mmenishika mkono mkaniambia neno lilelile: mwezi uliopita nililipa hivi, mwezi huu wanataka mara mbili, na mimi sijabadilisha chochote. Wengine mmekuja na barua zenyewe mkobani. Vizuri. Zishikeni, tutazifungua.

Nianze na yangu, maana nimelipa ada ya somo hili. Mwaka wetu wa kwanza hapa, mwezi wa Januari, ililetwa bili ya paundi 212. Zile zilizotangulia zilikuwa 58, 58, 58. Nilipoiona nilikaa chini. Halafu nikainuka nikawa polisi wa nyumba. Televisheni nikaichomoa. Watoto nikawazimia taa wakiwa bado wanaandika kazi za shule. Hita nikazizima zote, tukalala na makoti. Baada ya wiki mbili ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kuota ukungu mweusi kwenye kona, na mdogo akawa anakohoa usiku kucha. Nami nikawa najisifu kwamba naokoa pesa.

Mama watoto ndiye aliyeniuliza swali la maana: "Baba, wewe umeisoma mita?"

Nikamwuliza, mita iko wapi?

Msinicheke. Kambini Nyarugusu hatukuwa na mita. Mjini Kigoma tuliijua LUKU, na jina lake linajieleza, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Unanunua, unabonyeza namba, taa inawaka. Uniti zikiisha unajua zimeisha, maana uko gizani. Nyumba nyingi za hapa ni kinyume: unatumia kwanza, karatasi inakuja nyuma yako. Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba namba zilizoandikwa kwenye karatasi ile mara nyingine ni za kukisia.

Mita yetu ilikuwa ghorofa ya chini, ndani ya kabati la jengo, pamoja na za majirani kumi na moja. Nikaenda na tochi ya simu. Nikalinganisha namba ndefu iliyochapwa kwenye mita na ile iliyo kwenye bili mpaka nikaipata yetu. Kisha nikazisoma bili zote kwa utulivu, kwa mara ya kwanza, si ile namba kubwa ya mwisho tu. Kwenye bili za 58, kando ya namba ya mita, palikuwa na herufi E. Kwenye ile ya 212 palikuwa na herufi A.

Herufi hizo mbili ndizo zilizotunyima usingizi. E ni "estimated", yaani kampuni imekisia. A ni "actual", mita imesomwa kweli. Tangu tuhamie mwezi wa Juni walikuwa wanakisia, tena wanakisia chini, kama nyumba ya watu wawili, na sisi tuko sita. Mwishoni mwa Desemba mtu akaja akaisoma mita, deni la miezi saba likakusanywa, likawekwa mgongoni mwa mwezi mmoja. Januari haikuwa na hatia. Makoti yale yote na kikohozi kile vilikuwa adhabu ya kosa lisilotendeka.

Ndiyo maana leo nawaomba jambo moja: kabla hujalipa, kabla hujazima hita, kabla hujagombana na watoto, tafuta kwanza ni kitu gani kilichopanda. Je, ni bei? Ni hesabu? Au ni matumizi yenyewe? Dawa ya kila kimoja ni tofauti, na ukikosea ugonjwa utameza dawa ya mwenzako.

Bei ni rahisi kuichunguza. Chukua bili mbili, ya zamani na mpya. Tafuta bei ya uniti moja, inaandikwa kwa peni kwa kWh. Tafuta pia "standing charge", ambayo ni malipo ya kila siku ya kuunganishwa tu, hata usipowasha taa moja. Ikiwa ni peni 40 kwa siku, mwezi mzima ni paundi 12 kabla hujachemsha maji. Kama namba hizo mbili ni zilezile, bei haikupanda, endelea mbele.

Kama zimepanda, huenda ni kwa sababu ya Ofgem. Huyu ni mdhibiti wa umeme na gesi. Tangu Januari 2019 anaweka kikomo cha bei, na siku hizi anakibadilisha kila miezi mitatu: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Wengi hudhani kikomo hicho ni cha bili nzima, kwamba huwezi kudaiwa zaidi ya hapo. Sivyo. Kikomo ni cha bei ya uniti na ya siku. Ukitumia nyingi, utalipa nyingi. Waliofika hapa kabla yetu wanaikumbuka Aprili 2022, bei ilipofika karibu peni 28 kwa uniti, na Oktoba ya mwaka uleule ikawa peni 34, tena baada ya serikali kuingilia kati. Mwaka 2024 na 2025 ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya peni 22 na 29. Leo nitatumia 26 ili hesabu iwe nyepesi. Sababu nyingine ya bei kupanda ni mkataba wa bei maalum kumalizika. Ukiisha nawe umenyamaza, wanakuhamishia bei ya kawaida.

Siku moja kabla ya bei kubadilika, soma mita yako uwatumie namba. Usipofanya hivyo watakisia, na baadhi ya uniti ulizotumia kwa bei ya zamani zinaweza kuhesabiwa kwa bei mpya.

Sasa hesabu. Hapa ndipo nitakaa, maana ndipo familia zetu zinapoumia.

La kwanza ni hilo la E na A. Ukiona E, soma mita, piga picha, watumie namba kwa simu au kwa programu yao, uwaambie watengeneze bili upya. Inaweza kushuka, inaweza kupanda, lakini itakuwa ya kweli. Ikipanda kwa sababu walikisia chini, omba kulipa kidogo kidogo. Wanatakiwa kukupa mpango unaolingana na uwezo wako, kwa hiyo usikubali kiasi usichokimudu kwa sababu ya aibu ya kwenye simu. Na lijueni hili: umeme uliotumika zaidi ya miezi 12 iliyopita, ambao wao wenyewe hawakukutoza sawasawa, hawaruhusiwi kuudai leo, ikiwa si wewe uliyewazuia kusoma mita. Kuna mama mmoja alikuja kwetu na deni la miaka miwili na nusu. Alitoka na deni la mwaka mmoja.

Mwenye mita janja asijione amepona. Mita hizo hutuma namba zenyewe, lakini mara nyingine hunyamaza, hasa ukihama kampuni, nao wanarudi kukisia bila kukuambia. Bonyeza kitufe cha mita, namba itaonekana. Angalia herufi kwenye bili kama wengine.

La pili ni mita isiyo yako. Majengo yetu mengi hapa Stratford yana mita zote kwenye kabati moja, na lebo zilibandikwa na watu wenye haraka. Linganisha ile namba ndefu. Zikiwa sawa na bado una shaka, fanya hivi mchana: zima swichi kuu ya umeme ndani ya nyumba yako, kisha mtu mmoja ashuke akaangalie mita. Ikiendelea kuhesabu wakati kwako hakuna kitu kinachopata umeme, basi ama ni mbovu, ama inamhesabia mwingine, labda jirani, labda taa za ngazi. Usifungue kitu, usiguse waya. Andika muda, piga video, ipigie kampuni.

La tatu ni deni la aliyetangulia. Siku unapopewa funguo za nyumba, kabla hujaingiza hata godoro, piga picha ya mita. Waambie kampuni: nimeingia tarehe hii, namba ilikuwa hii. Kilichotumika kabla ya hapo si chako, hata barua ikija kwenye anwani yako. Wenye mita za kulipia kabla, zile za ufunguo au kadi, nawaomba mnisikilize zaidi. Nyinyi mnadhani mko salama kwa sababu inafanana na LUKU. Lakini mita hiyo inaweza kuwa imebebeshwa deni. Unaweka paundi 20 dukani, unarudi nyumbani unaona 14. Sita imekwenda wapi? Ama imelipa deni, ama imelipa ile pesa ya dharura uliyokopeshwa na mita, ama ni malipo ya kila siku yaliyokuwa yakijikusanya ulipokuwa huna salio. Kama umehamia juzi na hukukopa kitu, deni hilo ni la mtu mwingine na linaondolewa ukipiga simu.

Na wale mnaolipa benki kwa makato ya kila mwezi, jueni kwamba kile kiasi si bili. Kampuni inakadiria mwaka mzima, inaugawa kwa kumi na mbili, majira ya joto unajiwekea akiba, majira ya baridi unaila. Wakikupandishia kutoka 80 hadi 130, haina maana kwamba mwezi uliopita ulitumia 130. Uliza: mmefikaje kwenye hiyo 130? Wape namba ya mita. Ikiwa una akiba kubwa kwao, unaweza kuomba irudishwe.

Walio kwenye majengo mapya upande wa Queen Elizabeth Olympic Park na East Village, palipokuwa kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya 2012, wana jambo lao la ziada. Joto na maji ya moto yanakuja kwa mabomba kutoka kituo kimoja, na bili yake ni tofauti na ya umeme. Kile kikomo cha Ofgem hakiigusi, na huwezi kuhama kampuni. Kabla hujasema umeme umepanda, hakikisha karatasi uliyoshika si ya joto.

Haya, umeangalia bei, umeangalia hesabu, vyote viko sawa. Basi ni matumizi. Hapa turudi kwangu, maana hadithi haijaisha.

Baada ya kujua habari ya E na A, nikashika daftari. Saa nne usiku nashuka nasoma mita, saa moja asubuhi nashuka tena. Usiku wa kwanza, sote tumelala, hita zimezimwa, mita ikala uniti 6. Friji peke yake halifikishi hata moja kwa muda huo. Usiku wa pili vilevile. Nikazunguka nyumba kama mtu anayetafuta panya. Kwenye kabati la tangi la maji ya moto palikuwa na swichi yenye taa nyekundu. Ilikuwa inawaka tangu tuhamie. Sisi tulidhani ni ya usalama, haizimwi. Na bomba la maji ya moto la bafuni lilikuwa likidondosha, tone, tone, usiku na mchana. Tulikuwa tunachemsha maji ili yamwagike.

Bomba likatengenezwa na mwenye nyumba, ni kazi yake. Swichi ile sasa tunaiwasha kwa muda asubuhi, maji yanapata moto kweli, tunaizima. Mita ya usiku ikashuka hadi chini ya uniti moja. Kipimo cha joto kwenye tangi usikishushe; maji ya uvuguvugu huzaa vijidudu.

Sasa tufanye hesabu za nyumba. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Wati zimeandikwa chini au nyuma ya kila kifaa. Taa ya kisasa ya wati 9 inawaka zaidi ya saa 100 ndipo imalize uniti moja. Kwa hiyo wazazi, wacheni watoto wasome. Televisheni ya wati 100, saa kumi kwa uniti moja. Birika la wati 3,000 linachemsha kwa dakika tatu hivi, ni peni 4. Nyie endeleeni na chai.

Sasa ile hita ndogo ya feni mnayonunua sokoni kwa sababu ni rahisi: wati 2,000. Ikiwashwa saa nane kwa siku ni uniti 16, paundi 4 na peni 16. Mwezi mzima ni karibu paundi 125. Chumba kimoja! Bei ya dukani ni ndogo, lakini inakula nyumbani kila siku. Na ile oga inayochemsha maji yenyewe ukutani, ya wati 9,000: dakika kumi ni uniti moja na nusu, peni 39. Watu sita wakioga dakika kumi kila siku, mwezi unaondoka na paundi 70. Waambie vijana dakika tano, na huo ugomvi utakuwa na faida kuliko ule wa taa. Mashine ya kukaushia nguo ya mtindo wa zamani inakaribia paundi moja kwa mzunguko mmoja. Maharage, jamani, yalowekeni usiku, mpike kwenye sufuria ya presha. Jiko la umeme kuwaka saa tatu kwa ajili ya sufuria moja ya maharage ni desturi ya nchi yenye kuni.

Jiulize pia nini kimebadilika nyumbani. Mgeni amekuja kukaa? Mtoto amezaliwa? Umenunua friza kuukuu ili uweke nyama ya jumla? Na wenye mita ya bei mbili, ya mchana na ya usiku: ikiwa hita zako hazijazi joto usiku, unalipa bei ya juu mchana bila faida. Uliza kama unaweza kurudishwa kwenye bei moja.

Mambo mawili ya kuokoa maisha, kisha nimalize. Bili ikitutisha sisi tuna tabia ya kurudi kwenye tunachokijua. Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya nyumba za hapa, hata dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na watu huipokea wakiwa usingizini. La pili, usizime joto lote. Ukungu si uchafu wa ukutani tu. Mtoto Awaab Ishak wa Rochdale, mwenye miaka miwili, alifariki Desemba 2020, na uchunguzi wa kifo chake ulithibitisha kwamba ukungu wa nyumba yao ndio uliosababisha. Tangu Oktoba 2025 kuna sheria inayoitwa kwa jina lake. Mwenye nyumba akiwa ni halmashauri au shirika la nyumba, analazimika kushughulikia unyevu na ukungu wa hatari kwa muda uliowekwa. Ukiona ukungu, mwandikie na picha. Asikuambie ni kwa sababu mnapika sana.

Kuhusu msaada: kuna punguzo la paundi 150 kila msimu wa baridi kwa familia zinazopokea ruzuku za kipato cha chini. Jina kwenye bili ya umeme linatakiwa liwe la anayepokea ruzuku au mwenzi wake. Najua baadhi yenu bili iko kwa jina la kaka au mpwa kwa sababu ndiye aliyejua Kiingereza. Badilisheni wiki hii. Tena, kampuni zina daftari la wateja wanaohitaji huduma maalum. Asiyezungumza vizuri Kiingereza anaweza kuandikishwa, mwenye mtoto chini ya miaka mitano pia. Ni bure. Ukipiga simu, omba mkalimani wa Kiswahili kabla ya neno lingine lolote. Ukilalamika na wiki nane zikapita bila jibu la kuridhisha, peleka shauri lako kwa Energy Ombudsman, nako ni bure. Na Citizens Advice wanapokea simu kwa namba 0808 223 1133.

Basi. Meza ya dirishani ni ya wenye ufunguo na kadi. Meza ya hapa mbele ni ya wenye bili za karatasi. Wasiojua mita zao ziko wapi, kaka yule mwenye koti la bluu anakaa majengo ya karibu na ana tochi. Andikeni majina kwake, Jumamosi atapita nanyi. Mama, wewe uliyeinua mkono tangu mwanzo, njoo na barua yako. Tutafute hiyo herufi kwanza.